Tume ya Kuchunguza Uchungu

Haya hayakutokea hapo kale, wala hayakutokea nchini kwako, kwa hiyo kaa kwa starehe. Yametokea juzi juzi katika nchi moja tajiri iliyo mbali sana, ambayo wakili wangu amenishauri nisiitaje jina. Mimi sina ugomvi nayo. Ni nchi nzuri. Wenyewe husema hivyo kila siku kabla ya taarifa ya habari.

Katiba ya nchi hiyo ni fupi. Sentensi yake ya kwanza inasema, "Watu wote ni sawa." Waasisi waliiandika siku yenye joto kali, na wasingeimaliza kama wasingekuwa na watu wa kuwapepea. Waliokuwa wakipepea hawakuingizwa katika neno "watu," lakini si kwa ubaya; mikono yao ilikuwa na kazi, ikaonekana si adabu kuwasumbua kwa maswali. Wake wa waasisi nao hawakuingizwa, kwa kuwa walikuwa jikoni wakipika chakula cha kusherehekea usawa.

Tangu hapo nchi imepiga hatua. Kila baada ya kizazi kimoja au viwili, baada ya maandamano, mbwa wa polisi na mazishi, Mahakama Kuu hukaa ikagundua kwamba kiumbe fulani, kumbe, naye ni mtu. Waligunduliwa wanaume wa Mlimani, upande wa waasisi, wasio na mashamba. Wakagunduliwa wanaume wa Bondeni, wajukuu wa wale wapepeaji. Wakaja kugunduliwa wanawake. Kila ugunduzi hutangazwa kwa ngoma na matarumbeta, na waliogunduliwa hutakiwa kushukuru. Siku ya Usawa ikifika, keki kubwa huokwa na wanawake, hukatwa na mabwana wa Mlimani, na vyombo huoshwa na watu wa Bondeni. Kila mtu ana nafasi yake.

Nayaeleza haya ili uelewe mshangao wa serikali pale mwanamke mmoja wa Bondeni, Ozela Fumbwe, alipoanza kulalamika.

*

Ozela alikuwa mwalimu wa muziki na kiongozi wa kwaya ya kina mama wa Bondeni. Alikuwa mwanamke wa kimo, mwenye sauti nzito ambayo majirani waliitumia kurekebisha saa zao, maana mazoezi yake hayakuchelewa. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Livinia, ambaye alimlea tangu mama yao alipofariki.

Livinia alikuwa mhandisi wa madaraja. Daraja kubwa linalounganisha Mlimani na Bondeni alilichora yeye, na siku ya uzinduzi wageni wa heshima walimwomba awaletee chai. Aliwaletea. Alimwambia dada yake baadaye kwamba aliitia chumvi.

Mume wake aliitwa Amosi, mtu mpole kupindukia, aliyeomba radhi hata kwa kiti alichokigonga. Walingoja mtoto kwa muda mrefu. Mimba ilipokomaa walikwenda Hospitali Kuu ya Mlimani, kwa sababu hospitali ya Bondeni ilikuwa imefungwa na jengo lake kugeuzwa makumbusho ya afya ya watu wa Bondeni. Ni makumbusho mazuri. Kuna vitanda vingi, na haviguswi.

Asubuhi Livinia alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye nywele tele. Amosi alilia, akaomba radhi kwa kulia. Ozela alimwimbia mtoto wimbo mmoja mfupi. Adhuhuri, Livinia akamshika dada yake mkono.

"Dada, tumbo linaniuma. Si ule uchungu wa kuzaa. Huu ni mwingine."

Wakamwita Daktari Valdemari. Alikuja bila haraka, akinukia sabuni nzuri, na chati yake mkononi.

"Kuanzia moja mpaka kumi," alisema, "maumivu yako ni ngapi?"

"Tisa."

Daktari alipiga hesabu kwa vidole. "Tisa ya Bondeni ni sawa na nne ya Mlimani. Tunatoa moja kwa kuwa wewe ni mwanamke, na wanawake hukuza mambo. Inabaki tatu. Tatu ni njaa. Kula kidogo."

"Daktari, mimi ni mhandisi," alisema Livinia, jasho likimtoka. "Nikiambiwa nguzo ya daraja inatoa mlio, siulizi aliyeniambia katoka wapi. Nafunga daraja, nakwenda kutazama. Nakuomba utazame tu."

Daktari akamgeukia muuguzi kwa furaha ya mwalimu aliyepata mfano mzuri. "Unaona? Mwenye maumivu makali hawezi kutunga maneno marefu namna hiyo." Akaagiza apewe kidonge cha kichwa. Nusu.

Saa moja ikapita. Livinia akawa wa kijivu. Amosi alimfuata daktari ukumbini. "Samahani, daktari. Mke wangu hana tabia ya uongo. Samahani. Tafadhali njoo." Daktari alikuwa njiani kuelekea chumba cha Naibu Waziri wa Michezo, aliyejigonga kidole cha mguu, na ambaye tayari alikuwa amezungukwa na madaktari bingwa kiasi kwamba wengine walisimama mlangoni kwa kukosa nafasi. Ndipo Amosi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akapaza sauti: "Mke wangu anakufa!"

Hapa lazima niisifu hospitali. Huduma yake ya dharura ni ya kupigiwa mfano. Mwanamume wa Bondeni alipopaza sauti, walinzi walifika wakikimbia kabla hajafunga mdomo, wakiwa na vifaa vyote. Walimtoa nje hadi uwanja wa kuegesha magari, wakamketisha chini juani.

Ndani, Livinia alikuwa akizungumza kwa sauti ndogo.

"Dada, nikipiga kelele watasema nina wazimu. Nikinyamaza watasema siumwi. Nifanye lipi?"

Ozela, aliyewafundisha mamia ya watu namna ya kutumia sauti zao, alikimbilia mlangoni. Aliita muuguzi. Aliita tena. Alipiga ukuta kwa kiganja. Muuguzi alikuja kumwambia kwamba jirani ana kidole na anahitaji utulivu.

Alasiri hiyo Livinia alikufa. Damu ilikuwa imemwagikia ndani kwa ndani, mahali ambapo daktari yeyote angeiona kama angetazama.

Ozela alitoka nje kumtafuta shemeji yake. Amosi alimwona akija na mtoto kifuani, peke yake, akaelewa. Aliinuka, akayumba, bega lake likamgusa mlinzi. "Samahani," alimwambia mlinzi, kisha akaanguka.

Hospitali ilitoa taarifa kwa masikitiko makubwa: marehemu alifariki bila kuonyesha maumivu kwa kiwango kinachotambulika.

*

Ozela alizika, akakaa matanga, akampeleka mtoto kwa Amosi na kumfundisha kuchemsha chupa. Halafu akavaa kitambaa cheusi, akaenda Wizara ya Usawa.

Wizara hiyo ina jengo refu, na ndani yake ofisi mbili zinatazamana. Ya kwanza ni Ofisi ya Wanawake. Mkuu wake alikuwa Bi Klotilda, mama wa Mlimani mwenye lulu shingoni na moyo laini. Alimsikiliza Ozela hadi mwisho, akatoa leso, akalia yeye badala ya Ozela.

"Pole sana, dada yangu," alisema. "Jambo hili linaumiza. Lakini mdogo wako alikuwa mtu wa Bondeni. Sisi hapa tunashughulikia wanawake."

"Alikuwa mwanamke."

"Ndiyo, ndiyo, kwa namna yake. Nenda mlango wa pili."

Mlango wa pili ni Ofisi ya Haki za Bondeni. Mkuu wake, Mzee Sipriani, alikuwa amepata kufungwa ujanani kwa ajili ya haki, na picha ya kufungwa kwake ilijaza ukuta mzima. Naye alisikiliza.

"Binti yangu, umenitonesha," alisema. "Ila mambo ya uzazi ni ya wanawake. Sisi hapa tunapigania watu wa Bondeni."

"Livinia alikuwa mtu wa Bondeni, baba."

"Nakubali. Lakini hebu tuwe wakweli. Alikufa kwa upande upi? Alikufa kama mwanamke, au alikufa kama Mbondeni? Lazima tujue, tusije tukaingilia kazi ya wenzetu."

Ozela alisimama pale ukumbini, katikati ya milango miwili. Aliniambia mwenyewe kwamba alitazama kulia, akatazama kushoto. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti iliyofika katika ofisi zote mbili na ghorofa ya juu yake: "Alikufa mzima mzima."

Maofisa wote walikubaliana baadaye kwamba kauli hiyo haikuwa ya kujenga.

*

Jumamosi, kwaya ilipokutana kwa mazoezi, Ozela hakufungua kitabu cha nyimbo. Aliwasimulia kina mama kilichompata Livinia, kisha akauliza, "Nani mwingine?"

Mama mmoja wa sauti ya pili akasema yeye alishonwa bila ganzi, akaambiwa watu wa Bondeni ngozi yao ni ngumu. Mwingine binti yake alirudishwa nyumbani na homa, akaambiwa anatafuta likizo. Mwingine alifungua mdomo, ukakataa, jirani yake akasema kwa niaba yake. Hadi jua linageuka hawakuwa wameimba hata ubeti.

Jumatatu waliandamana wakiwa na sare zao za kwaya. Majirani wakajiunga, na wanawake wengine wakashuka kutoka Mlimani kwa miguu, wakipita juu ya daraja la Livinia. Magazeti yaliandika: WANAWAKE WENYE HASIRA WAZUIA MAGARI. Jioni televisheni iliita mabingwa wa kujadili suala hilo, mabwana wanne waliovaa vizuri. Walijadili kama hasira ni nzuri kwa afya ya mwanamke. Wakakubaliana kwamba siyo, na kwamba kina mama wangesikilizwa zaidi kama wangesema taratibu. Hawakuulizana Livinia alikuwa amesema vipi.

Kelele zilipozidi, serikali ikafanya lile ambalo serikali makini hufanya inapotaka jambo lisahaulike. Ikaunda tume.

Tume ya Bunge ya Kuchunguza Uchungu ilikuwa na wajumbe wenye uzoefu mkubwa. Mmoja alikuwa mfugaji wa farasi. Mmoja aliwahi kusoma kuhusu maumivu. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Seneta Ludoviki Grimbo, mzee mwenye tumbo la heshima, aliyechaguliwa kwa sababu amewahi kuwa na wake, kwa nyakati mbalimbali. Mtu alipouliza kwa nini hakuna mwanamke katika Tume, Seneta alieleza kwa upole kwamba wanawake wana maslahi katika suala hili, na Tume inataka haki.

"Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," alianza, siku ya kwanza ya kikao. "Wahenga walisema hivyo kwa sababu wakati wao hapakuwa na Tume."

Wajumbe walipiga meza.

Wanawake waliruhusiwa kukaa juu, katika roshani ya wageni, kwa sharti kwamba hawatahutubia, hawataimba wala kubeba mabango. Roshani ilijaa. Bi Klotilda wa Ofisi ya Wanawake alikaa chini, mstari wa mbele, kwenye viti vya maofisa, na leso yake tayari.

Ozela aliitwa kutoa ushahidi.

"Bibi Fumbwe," alisema Seneta, "marehemu alipiga kelele?"

"Hapana, Mheshimiwa. Alisema kwa adabu."

"Basi daktari angejuaje?"

"Kwa kuwa aliambiwa."

"Kuambiwa si kujua, bibi. Kwa nini hakupiga kelele kama binadamu wengine?"

"Mume wake alipiga. Mlimketisha juani."

Roshani ilivuma. Karani wa Tume aligonga nyundo. Seneta alitabasamu kama mtu anayemvumilia mtoto wa jirani. "Tunaelewa kwamba una hisia," alisema. "Ungependa maji?"

"Ningependa mdogo wangu."

"Iandikwe kwamba shahidi amekataa maji," alisema Seneta.

Baada yake aliitwa Daktari Valdemari, kama bingwa. Alieleza kwa utulivu kwamba sayansi inajulikana, ingawa hakukumbuka ni ipi. Kwamba watu wa Bondeni wana uvumilivu wa asili, walioupata mashambani zama za babu zao. Na kwamba kuwaamini wote kungesababisha foleni. "Tukianza kutazama kila anayesema anaumwa," alisema, "tutakuwa tumeigeuza hospitali kuwa mahali pa wagonjwa."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa hofu.

Hapo ndipo Ozela, aliyekuwa amerudi roshani, akasimama. Aliinua mikono yote miwili kama anavyoiinua mbele ya kwaya, akaiacha hewani kidogo, akaishusha.

Kina mama wakaguna.

Haukuwa wimbo. Ulikuwa ule mguno wa chini, wa tumboni, ambao kila aliyezaa anaujua na kila aliyezaliwa aliusikia akasahau. Ulianza na sauti nzito, sauti za kati zikaingia, zikapanda, zikajaa ukumbi mpaka glasi za maji za wajumbe zikatetemeka. Walinzi walifungua kanuni. Kanuni zilikataza hotuba, nyimbo na mabango. Hakukuwa na kifungu cha kuguna. Mlinzi mmoja aliinua macho akamwona mama yake mzazi mstari wa pili, akafunga kitabu taratibu.

Seneta Grimbo alikuwa ameziba masikio. "Mnaumwa wapi?" alipiga kelele. "Semeni basi, mnaumwa wapi?"

Ozela alikunja ngumi moja, na sauti zote zikakatika kwa pamoja.

"Hapo ulipotukalia," alimjibu.

Akainua mikono tena. Safari hii sauti moja ilitoka chini, mstari wa mbele. Bi Klotilda alikuwa amesimama. Leso ilikuwa imeanguka. Alisimulia baadaye kwamba alikumbuka siku aliyomzaa mwanawe wa kwanza, daktari alivyomwita mwigizaji mbele ya mume wake, na wote wawili walivyocheka, na yeye pia alivyocheka ili asiharibu hali ya hewa. Sasa alikuwa akiguna na lulu zake zikirukaruka, na hakuwa akiuliza nani ni wa upande upi.

Kikao kiliahirishwa kwa sababu za kiufundi.

*

Nisiwe mchoyo wa sifa. Bunge lilisikia. Kabla ya mwaka kwisha lilipitisha Sheria ya Heshima kwa Maumivu, yenye kurasa nyingi na jalada la dhahabu. Sheria inazitaka hospitali zote zifikirie uwezekano wa kusikiliza, pale nafasi inaporuhusu. Daktari Valdemari alipandishwa cheo, akawa Mkurugenzi wa Kusikiliza. Bi Klotilda aliondolewa ofisini ili apumzike. Walisema sauti yake imechoka. Na ili Livinia asisahaulike, Hospitali Kuu ya Mlimani ilijenga wodi mpya ya uzazi na kuipa jina lake.

Ozela alialikwa kwenye uzinduzi. Barua ilimwomba aje na kwaya, waimbe jambo la furaha.

Amosi hakutaka kwenda. "Shemeji, siwezi kulipita lile eneo la magari," alisema. Mtoto alikuwa mapajani mwake, ameanza kukaa mwenyewe. "Nenda wewe. Ukiona jina lake ukutani, hakikisha wameliandika sawasawa."

Hawakuliandika sawasawa. Juu ya mlango palikuwa na herufi kubwa za shaba: WODI YA LAVINIA. Chini yake palikuwa na picha yake kubwa akitabasamu, iliyokatwa kutoka picha ya uzinduzi wa daraja. Ukitazama pembeni unaona ukingo wa sinia la chai. Mlangoni palivutwa utepe mpana wa hariri. Palikuwa na mahema, bendera za nyota, kamera, na Seneta Grimbo mwenye mkasi wa fedha.

"Leo," alisema Seneta, "Lavinia anatabasamu. Leo tunaweza kusema kwamba jambo hili limekwisha."

Alihutubia kwa muda mrefu. Alimshukuru Mungu, alijishukuru, akazishukuru familia zilizowatoa wapendwa wao ili nchi ijifunze. Ozela alisimama mbele ya kwaya yake na mikono imekunjwa. Macho yake yalikuwa yameacha kumtazama Seneta. Yalikuwa yakitazama ukumbini, nyuma ya viti vya wageni, ambako wagonjwa wa kawaida walikuwa wamesogezwa ili wasionekane kwenye picha.

Huko, juu ya kitanda cha magurudumu, alilala msichana wa Bondeni aitwaye Salomina, mfanyakazi wa kiwanda cha viatu, mwenye mimba pevu. Uso wake ulikuwa umevimba na alikuwa akishika kichwa. Ozela alimfuata.

"Umemwambia mtu, mwanangu?"

"Nimewaambia, mama. Kichwa kinanipasuka. Naona nyota."

"Wamesemaje?"

"Muuguzi amesema ni kwa sababu ya bendera. Leo ni sherehe, kila mtu anaona nyota. Daktari atakuja wakimaliza kukata."

Nyuma yao Seneta alikuwa amefika kwenye historia ya hariri.

Ozela aliinama, akafungua breki ya kitanda kwa mguu. Aliwatazama kina mama wa kwaya. Hakuhitaji kuinua mikono. Walikuja wote, wakashika kitanda huku na huku, wengine miguuni, wengine kichwani, mmoja akamshika Salomina mkono na kumwambia apumue. Wakasukuma.

Wageni wa heshima waliruka pembeni na sahani zao. Mtu alisema, "Jamani, itifaki!" Kitanda kilipita kati ya viti, kikapita mbele ya jukwaa, kikamfikia Seneta akiwa ameufungua mkasi tayari kwa picha, kikampita. Utepe ulikaza kwenye vyuma vya mbele, ukavutika, ukatoa sauti kama kofi, ukakatika. Kina mama wakaingia wodini na vipande vya hariri vikiburuta sakafuni nyuma yao.

Kamera zikafuata, maana kamera hazina itifaki.

"Daktari," alisema Ozela, "njoo utazame."

Daktari Valdemari aliziangalia kamera, na kamera zikamwangalia. Ghafla tisa ya Bondeni ikapanda thamani. Alimpima Salomina shinikizo la damu, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kuonekana akikimbia. Vitanda vikasogezwa, dawa ikatundikwa, mabingwa wakaitwa kutoka mezani wakiwa na makombo ya keki kwenye tai zao. Ilibainika kwamba walikuwa na kila kitu. Walikuwa nacho siku zote.

Salomina alifanyiwa upasuaji. Mtoto wa kiume akatolewa, mdogo, mwenye hasira, akilia kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye mahema. Mama yake alizinduka akaomba maji. Ozela alikaa kwenye benchi, akajifunika uso, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akalia, kwikwi zikimtikisa mwili wote. Kina mama wakamzunguka, wasimwambie anyamaze.

*

Ozela alikamatwa mlangoni, akitoka.

Kesi ilisikilizwa upesi, kwa sababu nchi hiyo haipendi kuchelewesha haki. Alishtakiwa kwa kuharibu mali ya serikali, yaani utepe. Kwa kuendesha kitanda bila leseni. Na kwa kumnyima Seneta haki yake ya kukata. Kipande cha utepe kililetwa mahakamani ndani ya sanduku la kioo. Seneta Grimbo alitoa ushahidi kwa sauti iliyovunjika. Alieleza alivyobaki ameshika mkasi mbele ya taifa, na kwamba tangu siku hiyo hapati usingizi na kifua kinambana. Hakimu alimuuliza kama anaumwa sana. Alisema sana. Hakimu alimwamini papo hapo, akaagiza aletewe daktari na kiti cha mto.

Amosi alikuwepo, na mtoto begani. Alipoingia aligonga benchi. Hakuomba radhi.

Hakimu alimkuta Ozela na hatia katika mashtaka yote, akamhukumu kifungo. Katika nchi hiyo mshtakiwa huulizwa neno lake baada ya hukumu, ili lisije likaivuruga.

"Una lolote la kujitetea?" aliuliza Hakimu, akiwa tayari anavua miwani.

"Ninalo, Mheshimiwa," alisema Ozela. "Yuko hapo nje kwenye ngazi. Ananyonyesha."